Mnoaji wa Suneka

Miaka yote niliyopika hoteli pale sokoni Suneka, sikukata nyama wala mboga kwa kisu ambacho hakikupitia mikononi mwa mwanamke mmoja, na hilo nalisema kwa majivuno hata leo. Tulimwita Mnoaji. Jina lake alikuwa nalo, lakini ukiuliza kwa jina ungeelekezwa kwa watu wengine kwanza. Ukisema Mnoaji, hata mgeni aliyefika kutoka Kisii asubuhi hiyo angekuonyesha: yule pale kwenye veranda, kati ya bucha na hoteli.

Bucha ilikuwa ya mume wangu, hoteli ilikuwa yangu, na Mnoaji alikaa katikati yetu, miguu ameinyoosha, gunia lililoloweshwa maji mbele yake, na mawe juu ya gunia. Hakuna aliyemkaribisha. Mume wangu alipenda kusema kwamba siku aliyofungua bucha alimkuta ameshakaa, kwa hiyo ni yeye aliyetukaribisha sisi.

Mawe yalikuwa matatu. La kwanza la kijivu, la kukwaruza, alilitoa mwenyewe mto Gucha. La pili alilinunua duka la Mhindi mjini, na kila lilipoanza kubonyea katikati alilisugua kwa mchanga juu ya sakafu ya saruji mpaka likawa sawa tena. La tatu lilikuwa dogo, jeusi, laini kama sabuni iliyotumika. Alipewa na kinyozi mzee wa Kisii alipoacha kazi, na hilo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kulisogeza.

Wanoaji wengi tuliowajua waliishia kwenye jiwe la kwanza. Kisu kikikwaruza kidole, wanasema tayari. Mnoaji aliona kwamba hapo ndipo kazi inaanza. Alilaza kisu juu ya jiwe, akainua mgongo wake kidogo tu, kiasi cha njiti ya kiberiti kupita chini, na kiasi hicho hakikubadilika kutoka mpinini hadi nchani. Alisukuma makali mbele, kama mtu anayetaka kulimenya jiwe ganda jembamba. Kisha alipitisha kidole gumba upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, akitafuta unywele wa chuma uliojikunja ukingoni. Kama haupo, hajafika. Ukiwapo, anageuza upande. Alifanya hivyo kwenye jiwe la pili kwa mkono mwepesi, na kwenye jiwe jeusi kwa mkono mwepesi zaidi, mpaka ule unywele ukawa hauonekani ila kwa kidole chake.

Wa kuumaliza ulikuwa mkanda wa ngozi, uliopigiliwa msumari kwenye nguzo ya veranda. Aliupaka mafuta ya ng'ombe na unga wa tope lililokauka juu ya jiwe jeusi. Kwenye ngozi mwendo hugeuka: mgongo wa kisu unatangulia, makali yanafuata nyuma. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza nilikandamiza kwa nguvu zangu zote, nikidhani ngozi ni jiwe la nne. Alinitazama akanishika mkono.

"Unamkomoa nani?" aliniuliza. "Ngozi ikibonyea inapanda kwenye ukingo, na makali yanajiviringa. Acha kisu kiwe na uzito wake. Wako hautakiwi."

Nami alinisemesha Kigusii, kwa hiyo hapa ninamweka katika Kiswahili changu. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kuwasemesha wageni tu. Lugha yetu haiijui sauti ya l, basi kwake makali yalikuwa "makari," na alilitamka neno hilo kwa kujiamini kiasi kwamba wageni walianza kujiuliza kama wao ndio wanaokosea.

Wanaume walikijaribu kisu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono, na kila siku ya soko ungeona mikono yenye vipara. Yeye alikiweka juu ya ukucha wa kidole gumba. Kikiteleza, kinarudi kwenye jiwe. Kikinata, anakukabidhi, huku akikuonya usirudi kumlilia ukijikata.

Alijisifu, na hakuona sababu ya kuficha. "Kutoka hapa mpaka Nyamarambe," alisema, "nileteeni mwingine." Mtu akimsifu kwa unyenyekevu mwingi alimkatiza na kumalizia sifa hizo yeye mwenyewe, kwa sababu, alisema, mwenye kusifu hajui anachokisifu. Mimi nilipenda hilo. Wanawake wengi wa rika lake walifundishwa kusema "ni kidogo tu" hata walipokuwa wamefanya makubwa. Yeye hakulisoma somo hilo.

Lakini siku niliyomtembelea nyumbani kwake, akapika obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga, nilipewa kisu nikate kitunguu, na kile kisu kilikuwa butu kama kijiko. Kitunguu kilipondeka, machozi yakanitoka. Nilimwuliza ni kisu cha nani.

"Changu."

"Mbona kiko hivi?"

"Nikifika nyumbani sitaki kuona jiwe," alisema, akaendelea kukoroga sufuria.

Nilirudi Suneka nikamsimulia mume wangu, akacheka mpaka akaegemea mlango wa bucha. Kuanzia hapo, kila alipofunga kazi alikuwa akimpa Mnoaji kisu chake kimoja aende nacho nyumbani, na kila asubuhi Mnoaji alikirudisha hajakitumia.

Sasa niseme jambo ambalo kwalo namheshimu kuliko yote, ingawa lilikaribia kumfukuza sokoni.

Kulikuwa na mwanamume mmoja wa kilima cha pili, mwenye mke na watoto, tuliyemjua kwa upole. Baba yake alipofariki, yeye na ndugu yake mdogo waliingia kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Ulianza na maneno, ukafika kung'oleana migomba. Siku moja kabla ya adhuhuri alikuja verandani, macho mekundu, akatupa kisu cha kuchinjia juu ya gunia.

"Kinoe sasa hivi," alisema.

"Unachinja nini?" Mnoaji alimwuliza.

"Wewe kinoe tu."

"Mimi nauliza nijue nitie makali ya namna gani. Ya mbuzi si ya ng'ombe."

"Leo ndugu yangu ataujua mpaka uko wapi," alisema yule mtu.

Nilikuwa dirishani na upawa mkononi. Nilimwona Mnoaji akichota maji kwa kiganja na kulilowesha jiwe la kijivu, polepole kama kawaida yake. Kisha akakisimamisha kile kisu wima, makali chini, akakiburuta juu ya jiwe kwa mikono miwili. Mlio wake uliniingia kwenye meno. Akaburuta tena, na tena, mpaka ukingo ukawa bapa kama rula. Akakipangusa kwa kitambaa, kwa adabu zote, akamrudishia.

"Tayari," alisema.

Yule mtu alipitisha kidole gumba, akaelewa. Aliinua mkono ule wenye kisu juu ya kichwa cha yule mwanamke aliyekaa chini, na kisu butu bado ni chuma. Mume wangu alitoka buchani akiwa hana kitu mkononi ila aproni aliyokuwa akijipangusia. Alisimama tu karibu. Mnoaji naye hakusogea. Mwishowe yule mtu akashusha mkono, akamtukana tusi ambalo sitaliandika, akaondoka.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini alikwenda akaeneza sokoni kote kwamba Mnoaji ameishiwa, kwamba mikono yake inatetemeka, kwamba amemharibia kisu cha baba yake. Kisu kilikuwa kimeharibika kweli, na alikionyesha kila alipopita. Alichoacha kusema ni kwa nini.

Watu wakaanza kumkwepa. Mwenye bucha ya upande wa pili aliacha kuleta visu, mshonaji akaacha kuleta mikasi. Nami nilijua ukweli, na kunyamaza kulinichoma.

"Waambie," nilimwambia.

"Niwaambie nini?"

"Kilichotokea."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuja na kisu. "Niwaambie kwamba mtoto wa mama fulani alitaka kumuua ndugu yake? Akishapoa, ataishi wapi na jina hilo? Mkewe atateka maji wapi?" Akatuita wote wawili, mimi na mume wangu, akatutaka tuahidi kwamba halitatoka kinywani mwetu. Tuliahidi. Mwanamke aliyejisifu kuanzia asubuhi mpaka jioni alikaa akayaacha majivuno yake yakanyagwe, na hakutoa hata neno moja la kujitetea.

Katika msimu huo huo akaja Mzee wa Baiskeli. Alikuwa mtu wa mjini Kisii, wa familia ya Kiislamu iliyochanganya damu ya pwani na ya kwetu, mwenye kofia safi na Kiswahili kilichonyooka. Alisimamisha baiskeli yake kwenye stendi, akakaa, akakanyaga pedali, na gurudumu la jiwe likazunguka mbele yake likitoa cheche. Watu walijazana kutazama cheche. Kwa muda wa kumenya ndizi kisu chako kilikuwa tayari. Nani angekaa kumsubiri mwanamke anayesemekana mikono inamtetemeka?

Mnoaji alikuja kila siku. Alilowesha gunia, akapanga mawe, akakaa. Wateja wake tulikuwa mimi na mume wangu. Siku nyingine alinoa kisu kile kile ambacho alikuwa amekinoa jana, na mume wangu alikipokea na kumshukuru kana kwamba kilikuwa butu.

Ni Mzee wa Baiskeli mwenyewe aliyeivunja hali hiyo. Aligundua kwamba visu vya bucha yetu haviendi kwake, akaja siku moja kuuliza. Mume wangu alimwonyesha kisu cha kutenganisha nyama na mfupa. Aliushika ubapa, akauelekeza kwenye mwanga, akaujaribu kwenye ukucha. Kisha akavua kofia, akageuka kwa Mnoaji.

"Mama, shikamoo. Mimi natia makali ya leo. Wewe umetia makali ya mwezi mzima."

Hatujazoea shikamoo sana huku, na Mnoaji aliichukua kama haki yake. "Marahaba," alisema kwa Kiswahili chake. "Jiwe yako inachoma chuma. Reta kisu moja nikuonyeshe."

Akamwonyesha rangi ya buluu iliyoingia ukingoni, pale chuma kilipopata moto na kuwa laini. Yule mzee alikubali kwamba ameiona rangi hiyo miaka mingi bila kuitilia maanani, na yeye akamwonyesha namna gurudumu linavyoweza kuondoa pengo kubwa kwa dakika chache, kazi ambayo kwa jiwe la mtoni ingemla asubuhi nzima. Kesho yake alifika na kopo lililotobolewa chini, akalining'iniza juu ya gurudumu lidondoshe maji. Baada ya hapo baiskeli ikahamia kwenye veranda yetu. Yeye aliondoa mapengo, Mnoaji akamalizia kwa mawe na ngozi, na siku nzima walibishana. Mzee alimcheka kwa "makari" yake, na kabla mwaka haujaisha nilimsikia yeye mwenyewe akimwambia mteja asubiri kidogo, makari bado.

Kuhusu jina la Mnoaji pale sokoni, lilisafishwa siku ya soko, mchana, bila sisi kufungua midomo. Mama wa wale ndugu wawili alikuja na wanawe wote, mkubwa na mdogo, na ndizi mbivu kichwani. Mkubwa alikuwa amemwungamia mama yake. Yule mama alisimama mbele ya veranda akasimulia yote kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viazi: kisu kilikwenda kufanya nini, nani alikizuia, na kwamba yeye leo ana watoto wawili walio hai, na hakuna hata mmoja aliyefungwa. Mwanawe mkubwa aliinamisha kichwa. Mdogo alikuwa amemshika bega.

Mnoaji alikasirika. "Nani amekutuma useme mbele ya watu?"

"Nimejituma," alisema yule mama. "Jina ni la mwanangu, nami nimeamua. La kwako lisilale njaa kwa ajili yake."

Mnoaji alijifunika uso kwa ncha ya leso, akaomba maji ya kulowesha jiwe, ingawa jiwe lilikuwa limelowa. Wiki iliyofuata foleni ilifika mlango wa posho mill.

Watu walizoea kuwasengenya, yeye na Mzee wa Baiskeli. Ukweli ni kwamba mzee alitaka kumwoa na alichelewa kusema kwa sababu ya lugha yetu. Kwa Kigusii, mama huitwa baba. Kila watoto wa Mnoaji walipokuja sokoni wakiita "Baba, baba," mzee aligeuka kumtafuta mume, na kwa heshima akasogeza kiti chake mbali. Mimi ndiye niliyemweleza kwamba mume alifariki zamani na baba anayeitwa ni yule yule mama. Alicheka, akaenda kununua kanzu mpya.

Mnoaji alimkataa. Nilimwuliza kwa nini, maana nilimwona anavyoitazama njia baiskeli ikichelewa.

"Nikiolewa naye itabidi nimkubalie mambo," alisema. "Nani tena atanibishia?"

Mzee alilipokea hilo bila kinyongo. Kesho yake alikuja akatundika kopo lake la maji kama kawaida.

Chai ilipoenea upande wa Nyamira, wakulima walianza kuleta visu vya kupogolea, vile vyenye bapa zilizopinda, vimefungwa kwenye majani ya mgomba. Mwaka mmoja wenyeji wa Magwagwa waliomba Mnoaji na mzee wapande wenyewe mpaka kwao, wakanolee huko huko shambani. Waliondoka alfajiri, mzee akisukuma baiskeli, Mnoaji nyuma yake na mawe kwenye kikapu, jiwe jeusi akiwa amelifunga kiunoni. Mimi niliwafuata kwa sababu dada yangu aliolewa huko.

Mnoaji alipofika hakukaa kwanza. Alipita katikati ya mistari ya chai iliyokwisha kupogolewa, akiinama kugusa visiki. Palipokatwa kwa kisu chenye makali kisiki kilikuwa laini, kimeinama ili maji ya mvua yateleze. Palipokatwa kwa kisu butu gome lilikuwa limechanika kuelekea chini.

"Hapa mlikata," aliwaambia wenye shamba. "Hapa mliuma kwa meno."

Walicheka, wakaleta visu. Dada yangu aliniambia mwaka uliofuata kwamba chai ile ilichipua kwa usawa, kama mkeka. Nilipompelekea Mnoaji habari hiyo alisema anajua, na akauliza kama waliosema walitaja jina lake.

Mwishoni mwa miaka ya sabini macho yake yalianza kuingia ukungu, na mwanawe akamchukua akakae nyumbani, upande wa Nyamarambe. Tuliagana verandani. Alinikabidhi mkanda mpya wa ngozi alioutengeneza mwenyewe, akaniambia nisiukaze mkono. Nilimwambia nimeshajua. Alisema atakuja kuhakikisha.

Alikuja, lakini si kwa ajili ya hilo. Mume wangu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, tukamzika nyumbani, nyuma ya migomba. Wanawake wa ukoo walipokaa kuamua nani aninyoe nywele za msiba, nilimtaja yeye, na habari zikapelekwa. Alifika asubuhi ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike, mwembamba kuliko nilivyomwacha, macho yakiwa meupe katikati.

Shemeji yangu alinivuta kando. "Mama, huyu haoni. Atakukata mbele ya wageni."

"Aninyoe," nilisema.

Mnoaji alikuwa amesikia. Alitoa wembe wa kukunja kutoka kwenye kitambaa, akatoa na ngozi, akamwita shemeji yangu ashike ncha moja na kuivuta ikaze. Yule mwanamume mzima alisimama pale, ameshika ngozi kwa mikono miwili, huku bibi kizee akipeleka wembe na kuurudisha, mgongo mbele, kwa mkono mwepesi. Aliujaribu kwenye ukucha. Akaurudisha kwenye ngozi kidogo, akaujaribu tena.

Nilikaa kwenye mkeka. Alinilowesha kichwa, akakipapasa chote kwa vidole, nyuma ya masikio, kisogoni, kama mtu anayejifunza njia kabla ya kuipita. Kisha akaanza kwenye paji la uso. Sikuhisi wembe. Nilihisi ubaridi tu, ukisogea, na nywele zikianguka mabegani.

"Ukitaka kulia, lia," alisema. "Niambie kwanza niinue mkono."

Nilimwambia. Aliinua wembe, akaweka kiganja chake kingine juu ya kichwa changu kilichokuwa nusu kimenyolewa, akanisubiri nililie mume wangu. Hakuniambia ninyamaze wala kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nilipotulia alikausha utosi wangu kwa leso yake, akaendelea kutoka pale pale alipoachia.

Alipomaliza alipitisha kiganja polepole, akapata unywele mmoja nyuma ya sikio, akauondoa. Shemeji yangu alikuwa ameinama akikitazama kichwa changu pande zote, pamba mkononi.

"Unatafuta nini?" Mnoaji alimwuliza.

"Damu, mong'ina," alisema, kwa neno letu la kumheshimu bibi.

"Umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi waambie walio nje." Akafunga wembe, akanishika kiwiko nisimame. "Nawe toka wakuone. Usijifunge kitambaa. Nimefanya kazi nzuri hapo."

Nikatoka uani. Waombolezaji waligeuka kunitazama, na nilitembea katikati ya viti vyao kichwa wazi, shingo nimeinyoosha, jua la asubuhi likinipiga utosini.